Kadi Moja ya Grafiki, Wanafunzi Wanane: Namna ya Kuchagua Vifaa vya Maabara Ndogo

Somo letu la leo ni la vifaa, lakini ndani yake zimo fedha za watu, kwa hiyo tulisome kwa utulivu.

Katika vyuo vya Kampala ombi moja linarudi kila muhula: "Tupatieni kompyuta yenye kadi ya grafiki." Anayeliomba anaweza kuwa mwanafunzi wa uhandisi anayechora kwa AutoCAD, au wa sayansi ya kompyuta anayefunza modeli, au kamati ya habari inayohariri video za mihadhara. Haja hiyo ni ya kweli. Hapa hapa mjini, maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere imefanya kazi ya kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha za majani, na Sunbird AI wametengeneza modeli za tafsiri za Luganda, Acholi, Ateso, Lugbara na Runyankole. Kazi za namna hii hazifanyiki kwa kompyuta ya kawaida ya ofisini.

Wengi wetu hukimbilia Colab ya Google, ambayo bila malipo mara nyingi humpa mtumiaji kadi aina ya T4. Ni msaada mkubwa, lakini haina ahadi: kadi inaweza kukosekana siku unayoihitaji, na kikao cha bure hakivuki saa 12. Ndipo linapokuja wazo la kuchangishana, kununua kadi moja nzuri, na kuigawa kwa watu wengi kupitia kompyuta pepe. Wazo ni sahihi. Tatizo ni kwamba si kila kadi inagawika, na iliyokwisha kuagizwa kutoka nje haibadilishwi dukani kama shati. Somo hili ni la kutuwezesha kuuliza maswali yanayofaa kabla fedha hazijatoka mfukoni.

1. Maneno tutakayotumia

*Seva mwenyeji* ni kompyuta halisi, ile ya chuma, yenye kadi ndani yake. *Kompyuta pepe* ni kompyuta inayoishi ndani ya seva hiyo kama programu. Ina Windows au Linux yake, mafaili yake na nywila zake, na mtumiaji wake huiona kama mashine kamili. *Hipavaiza* ni programu inayozisimamia kompyuta pepe zote na kuzigawia rasilimali. Mifano yake ni Proxmox, Hyper-V na vSphere ya VMware. *Kumbukumbu ya kadi* ni ile iliyomo ndani ya kadi yenyewe, nayo ni tofauti na RAM ya seva.

2. Swali la kwanza: mnahitaji kompyuta pepe kweli?

Kabla ya kuzungumzia kadi, tulijibu hili, kwa sababu jibu lake linaweza kuokoa fedha nyingi.

Ikiwa watumiaji wenu wote wanatumia Linux na kazi yao ni kufunza modeli tu, hamhitaji kuigawa kadi kwa kompyuta pepe. Wekeni Linux moja kwenye seva, kila mwanafunzi apewe konteina yake, na JupyterHub iwapokee kupitia kivinjari. Kadi yoyote ya NVIDIA yenye kumbukumbu ya kutosha itafaa, hata ile ya wachezaji wa gemu, na hakuna leseni ya kugawa. Kasoro yake ni kwamba katika mpangilio wa kawaida hakuna ukuta wa chuma kati ya wenzenu: programu ya mmoja inaweza kumeza kumbukumbu yote ya kadi na za wengine zikaanguka. Hapo mtahitaji utaratibu wa foleni, kama Slurm, na watu wenye adabu ya kupanga zamu.

Kompyuta pepe zinahitajika pale ambapo watumiaji wanataka mifumo tofauti (huyu Windows ya AutoCAD, yule Ubuntu), au wanataka mamlaka kamili ya kusakinisha watakacho, au data ya mmoja haipaswi kufikiwa na mwingine. Kama mmojawapo wa mahitaji haya ni wenu, tuendelee.

3. Njia nne za kuipeleka kadi kwenye kompyuta pepe

*Njia ya kwanza: kuikabidhi kadi nzima.* Hipavaiza huichukua kadi na kuikabidhi kompyuta pepe moja peke yake. Hapa hakuna kugawana. Ukitaka kompyuta pepe nane, unahitaji kadi nane. Njia hii inafanya kazi kwa kadi nyingi, zikiwemo GeForce. Miaka ya nyuma draiva ya NVIDIA ilikuwa ikikataa GeForce ndani ya kompyuta pepe, lakini tangu draiva ya mfululizo wa 465 ya mwaka 2021 imeruhusiwa rasmi. Ruhusa hiyo ni ya kompyuta pepe moja tu. Wauzaji wengi husema "hii inafanya kazi na kompyuta pepe" wakimaanisha njia hii, nanyi mkadhani wanamaanisha kugawana.

*Njia ya pili: kugawana kwa zamu, yaani vGPU ya NVIDIA.* Kumbukumbu ya kadi hukatwa vipande, na kila kompyuta pepe hupewa kipande chake. Chipu yenyewe huwahudumia wote kwa zamu za muda mfupi sana. Hufanya kazi kwenye kadi za seva na baadhi ya kadi za kitaalamu tu, na huhitaji leseni ya kulipia.

*Njia ya tatu: MIG.* Hii ilikuja na kadi ya A100 mwaka 2020. Chipu yenyewe hukatwa: kila kipande kina kumbukumbu yake na viini vyake vya hesabu, wala jirani hawezi kuvigusa. A100 hukatwa hadi vipande 7, na A30 hadi vipande 4. Lakini kwenye kadi hizo vipande vya MIG ni vya hesabu, si vya kuchora: havifai kwa AutoCAD wala Blender ya skrini. Tena, mkitaka kuvipeleka vipande hivyo kwenye kompyuta pepe tofauti, leseni inarudi pale pale. Kuvitumia kwa konteina hakuhitaji leseni hiyo.

*Njia ya nne: SR-IOV isiyo na leseni.* Kadi hujionyesha kwa seva kana kwamba ni kadi nyingi ndogo. AMD walifanya hivyo kwa FirePro S7150 mwaka 2016, ambayo ilitangazwa kuhudumia hadi watumiaji 16. Leo Intel ndio wanaoshikilia njia hii zaidi: kadi zao za seva Flex 140 na Flex 170 za mwaka 2022 hazidai leseni ya kugawa. Faida ni kubwa kwa mwenye mfuko mdogo. Hasara ni kwamba hakuna CUDA, na sehemu kubwa ya masomo na mifano ya kufunza modeli mitandaoni imeandikwa kwa CUDA.

4. Kumbukumbu hukatwa, muda hupokezanwa

Hili ndilo jambo la kulielewa kuliko yote katika somo hili. Katika vGPU, kumbukumbu iliyokatwa haikopeshwi. Kadi ya GB 16 iliyogawiwa watu 8 humpa kila mmoja GB 2, na hata wenzake 7 wakilala, atabaki na GB 2 zile zile. Muda wa chipu ni tofauti: katika mpangilio wa kawaida, wenzako wasipofanya kazi, wewe hupata karibu nguvu yote ya kadi.

Kwa hiyo idadi ya watumiaji huamuliwa na kumbukumbu. Kasi huamuliwa na wangapi wanafanya kazi kwa wakati mmoja.

Tupige hesabu. Modeli huhifadhi namba zake, na kila namba katika mfumo wa biti 16 huchukua baiti 2. Chukua NLLB ya Meta ya mwaka 2022, toleo la namba bilioni 1.3, linalofaa kwa tafsiri za lugha zetu. Kuitumia tu kunahitaji bilioni 1.3 × 2, yaani GB 2.6. Haiingii kwenye kipande cha GB 2, lakini inaingia kwenye cha GB 4 na nafasi ikabaki. Kuifunza upya kikamilifu ni habari nyingine: kwa njia ya kawaida ya Adam, kila namba hudai takribani baiti 16, nayo ni bilioni 1.3 × 16, yaani GB 20.8. Haiingii hata kwenye kadi nzima ya GB 16. Vivyo hivyo modeli ya namba bilioni 7 inahitaji GB 14 kuitumia kwa biti 16, na takribani GB 3.5 ikibanwa hadi biti 4.

Fanyeni hesabu hii kwa kazi zenu halisi kwanza. Anayenunua kadi kabla ya kuifanya ni kama anayenunua sufuria bila kujua wageni ni wangapi.

5. Kadi za kufikiriwa

*T4* (mwaka 2018): GB 16, wati 70. Hukatwa katika vipande vya GB 1, 2, 4, 8 au 16. Haihitaji waya wa ziada wa umeme. Kwa maabara ndogo bado ni chaguo la busara, na zilizotumika zipo nyingi sokoni.

*L4* (mwaka 2023): GB 24, wati 72. Ni mrithi wa T4, ina kasi zaidi na bei kubwa zaidi. GB 24 hugawika vizuri: watu 8 kwa GB 3, au 6 kwa GB 4, au 4 kwa GB 6.

*A16*: ina chipu nne zenye GB 16 kila moja, jumla GB 64, kwa wati 250. Imetengenezwa kwa ajili ya watumiaji wengi wa skrini. Msidanganywe na namba 64: hakuna kipande kinachoweza kuvuka GB 16, kwa sababu ni chipu nne zilizowekwa kwenye ubao mmoja.

*A30*: GB 24, wati 165, ina MIG. Ni kwa hesabu tu.

*M60, M10 na P4*: hizi ndizo za bei rahisi mtakazokutana nazo. Tahadhari. Kwenye M60 na M10, CUDA inapatikana tu ikiwa kompyuta pepe imepewa chipu nzima ya GB 8. Ukiikata, CUDA inatoweka. Zaidi ya hayo, CUDA 13 iliyotoka mwaka 2025 imeacha kuzihudumia Maxwell, Pascal na Volta, yaani vizazi vya M60, M10, P4, P40, P100 na V100. Bado zinafanya kazi kwa matoleo ya zamani, lakini mlango unafungwa.

Kwenye vGPU kuna pia herufi baada ya namba ya kipande. Vipande vya herufi B ni vya matumizi ya ofisini na havina CUDA. Vya herufi Q ni vya kazi nzito za kuchora na vina CUDA. Anayekuuzia leseni akuambie ni ya herufi gani, na akuandikie.

6. Seva inayoibeba kadi

Kadi nzuri kwenye mwili mbaya haifanyi kazi. Angalieni haya.

*Prosesa na mazabodi.* Lazima ziwe na IOMMU: kwa Intel huitwa VT-d, kwa AMD huitwa AMD-Vi. Kadi za vGPU za kizazi cha Ampere na baada yake, kama A10, A16 na L4, zinadai pia SR-IOV kwenye BIOS. Ombeni muuzaji awashe mashine na awaonyeshe mipangilio hiyo, pamoja na ile iliyoandikwa "Above 4G Decoding". Kompyuta nyingi za mezani zina VT-d lakini hazina hizi nyingine.

*RAM.* Kompyuta pepe iliyounganishwa na kadi hushikilia RAM yake yote tangu inapowashwa, wala hipavaiza haiwezi kuikopesha kwa mwingine. Kompyuta 8 kwa GB 12 ni GB 96. Ongeza GB 16 za seva mwenyeji, unapata 112. Nunueni GB 128.

*Feni.* T4, L4 na wenzao hawana feni. Wametengenezwa kupozwa na upepo mkali wa feni za seva. Mkiiweka T4 kwenye kasha la kompyuta ya mezani bila feni ya kuipuliza moja kwa moja, itapanda joto na kujipunguza kasi. Seva kama Dell PowerEdge R740 au HPE DL380 Gen10 hulitatua hili, lakini zina kelele: zitafutieni chumba chake, si kona ya maktaba.

*Waya wa umeme.* Kadi kama K80 na P40 hutumia plagi ya pini 8 ya aina ya prosesa, si ile ya kadi za gemu. Zinafanana kwa macho lakini chanya na hasi zimepishana. Atakayelazimisha ataunguza kadi.

7. Umeme, joto na vumbi

Bei ya kununua hulipwa mara moja, lakini Yaka hulipwa kila mwezi. Kadi ya wati 70 ikifanya kazi kwa nguvu zote mchana na usiku kwa siku 30 hula uniti 50.4. Kadi ya wati 300 hula uniti 216. Tofauti ni uniti 165.6. Tukichukulia kwa mfano shilingi 700 kwa uniti, ni shilingi 115,920 kwa mwezi, au karibu 1,400,000 kwa mwaka, kwa kadi peke yake. Weka bei iliyo kwenye risiti yako, urudie hesabu. Kadi kuukuu ya bei ya kutupa inaweza kuwa ghali kuliko mpya ndani ya miaka michache.

UPS si anasa. Umeme ukikatika ghafla, kompyuta pepe nane huzimika pamoja, na mafaili nane yanaweza kuharibika pamoja. Lengo la UPS si kuendelea na kazi kwa saa nyingi. Lengo ni dakika 10 za kuzima kwa utaratibu, na UPS iunganishwe na seva ili izime hata kama hakuna mtu chumbani. Na vumbi letu la kiangazi mnalijua: feni zisafishwe kila muhula.

8. Leseni, na ahadi tunayoitia sahihi

Leseni ya vGPU huhesabiwa kwa kompyuta pepe zinazotumia kadi kwa wakati mmoja. Nane wakifanya kazi pamoja ni leseni nane, na anayechagua usajili hulipa kila mwaka. Vyuo vina bei yao maalumu, kwa hiyo ombi lipite kwenye chuo, si kwenye jina la mtu binafsi. Yapo majaribio ya siku 90 bila malipo. Tumieni hayo kwanza. Kompyuta pepe isiyo na leseni huanza vizuri, kisha baada ya dakika 20 hupunguzwa kasi. Kwa hiyo muuzaji anayewaonyesha dakika 10 za maonyesho hajawaonyesha kitu.

Hipavaiza nayo ina bei. VMware ilinunuliwa na Broadcom mwishoni mwa 2023, na leseni za kununua mara moja zikaondolewa. Proxmox ni huria, na tangu vGPU 18 ya mwaka 2025 NVIDIA wameitambua rasmi.

Kuna programu zinazozunguka mitandaoni za kuihadaa draiva ili kadi za gemu za vizazi vilivyopita zikubali kugawika. Zinavunja mkataba wa leseni, na huweza kuvunjika kila draiva inaposasishwa. Jumuiya inayowahimiza watu kutimiza ahadi haifai kujenga maabara yake juu ya ahadi iliyovunjwa. Kama leseni haiwezekani, zipo njia tatu za halali: konteina, kadi za Intel, au kadi nzima kwa zamu zilizoandikwa ukutani.

9. Mfano: wanafunzi wanane

Tuchukue kikundi cha watu 8: watano wanachora, watatu wanafunza modeli ndogo.

Chaguo A ni L4 moja, vipande 8 vya GB 3 vya herufi Q, leseni 8. Wachoraji wametosheka. Wa modeli wanabanwa: ile NLLB ya GB 2.6 inaingia kwa shida.

Chaguo B ni T4 mbili kwenye seva moja. Ya kwanza hukatwa vipande 8 vya GB 2, vitano kwa wachoraji na vitatu vya akiba, na leseni ni 5 tu. Ya pili hukabidhiwa nzima kwa kompyuta pepe moja ya Linux, ambamo wale watatu wana konteina zao na foleni. Wakati wa zamu yake, kila mmoja ana GB 16 zote. Jumla ni wati 140.

Kwa kikundi hiki ningeshauri B. Leseni zimepungua kutoka 8 hadi 5, wa modeli wamepata kumbukumbu ya maana, na kadi moja ikifa, nusu ya kazi inaendelea. Sharti lake ni watu watatu wanaoheshimu foleni. Kama nyote ni wachoraji, A ni bora kwa urahisi wake. Vifaa hufuata kazi.

10. Kabla ya kulipa

Muuzaji ajibu haya kwa maandishi: Kadi ni modeli gani hasa, na ina GB ngapi kwa kila chipu? Inagawika kwa njia ipi kati ya zile nne? Seva hii imewahi kuwashwa ikiwa na kadi hiyo, na SR-IOV ipo? Bei ni pamoja na VAT ya asilimia 18? Kadi ikishindwa kugawika, inarudi kwa masharti gani? Kisha fanyeni jaribio la saa moja mbele ya watu wawili wa kamati, kompyuta pepe zote zikiwa zimewashwa kwa pamoja, huku mkiangalia joto la kadi.

Maswali ya kujipima

1. Kadi ya A16 ina GB 64. Je, kompyuta pepe moja inaweza kupewa kipande cha GB 32? Kwa nini?
2. Modeli ya namba bilioni 3 inahitaji GB ngapi kuitumia kwa biti 16? Kuifunza kikamilifu kwa Adam je?
3. Kikundi chenu kina watu 6, wote wa Linux na modeli. Andikeni sababu mbili za kutonunua leseni ya vGPU, na hatari moja ya uamuzi huo.
4. Chukua risiti yako ya Yaka. Seva ya wati 350 iliyowashwa saa 10 kwa siku itakugharimu kiasi gani kwa siku 30?